Mwenye kadi ndiye mwenye chombo: kumbukumbu ya mchezo wetu wa Europa

Mchezo wetu unafuata mwezi. Wachezaji wawili kati ya wanne ni wavuvi wa dagaa pale Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, na mvuvi wa dagaa usiku wa giza humpati, yuko ziwani na taa zake. Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti samaki, watu wanakaa nchi kavu wanashona nyavu, na hapo ndipo ninapowakusanya barazani kwangu Mwanga siku tatu nne mfululizo. Tulianza ziwa lilipofungwa, uvuvi umesimamishwa, kati ya Mei 15 na Agosti 15 mwaka 2024, kipindi ambacho kila mtu alikuwa na muda kuliko hela.

Mchezo wenyewe ni wa kuigiza mezani. Mimi ndiye msimulizi, wao ni wafanyakazi wa chombo kidogo cha mizigo kinachopita kwenye bahari iliyo chini ya barafu ya Europa, mmoja wa miezi ya sayari ya Mshtarii. Sheria nimeziandika mwenyewe kwenye kaunta buku. Dadu mbili tumezitoa kwenye ludo ya watoto: unarusha, unajumlisha, ukipata nane au zaidi umefaulu, yaani njia 15 kati ya 36. Zamani tuliita kampeni, mpaka jirani alipotusikia tunabishana tuunge mkono kambi gani akaja kuuliza tunampigia nani debe. Sasa tunaita safari.

Oktoba 2024

Wiki hii Wamarekani wamerusha chombo chao cha Europa Clipper, tarehe 14, kitafika huko mwaka 2030. Wachezaji wangu wamefurahi kwamba sisi tumetangulia.

Nimeleta kambi tatu. Kampuni inachimba visima vya joto na inamiliki mitambo ya hewa. Wafungaji wanataka bahari ifungwe kwa muda ili viumbe wadogo wanaong'aa, ambao tumewabuni na kuwaita dagaa, wapate kuzaliana. Wazawa ni watoto waliozaliwa chini ya barafu. Hawataki kuamriwa na Dunia ambayo ujumbe wake, hata ukienda kwa kasi ya mwanga, unachukua zaidi ya nusu saa kufika.

Nilikuwa nimeandika kurasa kumi na mbili. Kila kambi na historia yake, bendera yake, na jedwali la alama za imani kuanzia sifuri hadi sita. Kikao kiliharibika ndani ya dakika ishirini. Wakurugenzi wa Kampuni niliwaigiza kwa sauti nzito ya bosi mbaya, wote wakacheka, hakuna aliyewafikiria tena. Halafu wakaliona jedwali. Kuanzia hapo hawakuchagua kitu, walikusanya alama tu kama watu wanaokusanya vizibo vya soda. Mvuvi mkubwa, yule tunayemwita Kaka, akaniambia, "Mwalimu, umetuuliza swali ambalo umeshalijibu mwenyewe."

Mimi si mwalimu. Ananiita hivyo nikikosea.

Novemba 2024

Mvua. Tumecheza ndani, meza imebanwa kati ya friji na mlango.

Jedwali nimelichana. Nilidhani nitaandika upya kurasa zote kumi na mbili, ila kazi imefanywa na wachezaji wawili. Wa kwanza ni dada anayeuza mawese sokoni. Alipoona nimeanza kusoma historia ya Wazawa alinikata: "Subiri. Kila kambi ikishinda, hewa watatuuzia shilingi ngapi?"

Sikuwa na jibu. Nikaomba dakika kumi, nikatoka kusimama kibarazani mvua inanyesha. Kampuni: bei ileile ya siku zote, na wanakopesha. Wafungaji: mgao, kila mtu sawa, lakini ukimaliza wako usiku hakuna wa kukuuzia. Wazawa: bure kwa mzawa, mgeni analipa, na sisi wote ni wageni. Niliporudi na majibu hayo matatu, kambi zilikuwa zimekuwa watu. Kurasa zangu hakuna aliyeziulizia tena.

Wa pili ni kijana wa bodaboda. Pikipiki yake ni ya mkataba: kila wiki anapeleka hesabu, yaani malipo, kwa bosi, na kadi ya umiliki haioni mpaka amalize. Akauliza chombo chetu tulikipataje. Nikajibu bila kufikiri kwamba Kampuni ilitukopesha. "Basi kadi wanayo wao," akasema. "Sasa tunachagua nini hapa? Mwenye kadi ndiye mwenye chombo."

Nimeichukua hivyo hivyo. Kampuni inashika kadi, tumebakiza hesabu mbili. Wazawa wanaijua njia ya kupita kwenye nyufa za barafu, na bila wao nahodha wetu anapapasa gizani. Wafungaji ndio wenye mganga anayemtibu fundi wetu mapafu. Alama hakuna tena, kuna deni tu, na kila deni lina mtu wa kulidai.

Kitu kidogo cha kujifurahisha: nilipiga hesabu ya mgandamizo. Mvutano wa Europa ni kama asilimia 13 ya huu wetu, gunia la kilo mia unalinyanyua kama la kilo kumi na tatu. Kwa hiyo hata barafu inalemea kidogo. Chini ya kilomita 12 za barafu kule, mgandamizo unakaribia ule wa sakafu ya Ziwa Tanganyika, mita 1,470. Wavuvi walinyamaza. Kaka akasema kumbe siku zote anavua juu ya Europa. Nikaongeza kwamba kule chini kabisa ziwani hakuna hata oksijeni. Akasema hilo hakulihitaji.

Desemba 2024

Siku ya kuchagua. Kikao kizima hatukurusha dadu hata mara moja.

Nilitegemea wavuvi wote wawili wawakatae Wafungaji. Mdogo ndiye aliyewatetea, tena kwa moto. Kaka akamgeukia, na hapo sikuwa na uhakika kama bado tuko Europa.

"Wewe huna watoto. Miezi mitatu ile mimi niliuza taa mbili za sola."

"Na Agosti ulipoingia, Kaka, ulitoka na nini?"

"Nilitoka na dagaa. Taa zangu hazikurudi."

Kimya. Dada wa mawese akammiminia chai. Nilitaka kuingiza king'ora cha hatari ili mchezo uendelee, nikajizuia, na nadhani ni uamuzi wangu mzuri kuliko yote ya mwaka huu. Baada ya muda Kaka akasema, kwa sauti ya nahodha wake, kwamba chombo kitawaunga mkono Wafungaji kwa sharti moja: anayefunga bahari awalishe waliokatazwa kuingia baharini, kuanzia siku ya kwanza, na iandikwe. Dada akadai mgao uwe na akiba ya usiku. Mdogo akakubali vyote. Wafungaji, yaani mimi, wakatia saini. Kwa Wazawa hawakupeleka hata salamu. Nina wasiwasi na nyufa zile.

Kijana wa bodaboda aliinua mkono kama wenzake. Tulipokuwa tunakusanya vikombe akanipenyezea karatasi iliyokunjwa mara nne: "Mimi naendelea kupeleka hesabu Kampuni kwa siri. Zikiisha hizo mbili nachukua kadi kwa jina langu, ndiyo nawafuata hao wengine. Usiwaambie."

Kwa jina langu, kaandika. Si jina letu.

Karatasi nimeibana kwenye kaunta buku, ukurasa wa Kampuni. Mwezi utakuwa mpevu tena Januari 13. Juzi alinipakia kutoka stendi, njia nzima tukaongelea bei ya mafuta. Aliponishusha ndipo akauliza, helmeti bado iko kichwani, kama dadu za siri atarusha yeye au nitarusha mimi.