Wanafunzi 40, bodi 8: ninavyofundisha vitendo vya umeme kwenye mkondo wa amali

Tangu mkondo wa amali, yaani wa mafunzo ya ufundi, uanze katika sekondari za Tanzania Januari 2024, walimu wenzangu wa umeme huniuliza: darasa la watu 40 unalifundishaje vitendo na vifaa vyenyewe vya kuhesabu? Mimi nilianzia kwenye plywood. Mbili za futi 8 kwa 4 zinatoa bodi 8 za futi 4 kwa 2, kila bodi wanafunzi 5: wawili wanafunga, mmoja anasoma mchoro, mmoja anapima, wa tano anaandika. Kila dakika 20 wanabadilishana, la sivyo yule mwepesi atashika bisibisi muhula mzima.

Kazi ninayoitegemea ni taa moja yenye swichi mbili, kama ya ngazini. Waya ni wa milimita za mraba 1.5, unachunwa milimita 8 hivi. Ukizidisha, shaba inabaki wazi nje ya skrubu. Ukipunguza, skrubu inabana plastiki na taa inapepesa. Kisu nimekikataza: kikikwaruza shaba, waya hukatika baadaye ukikunjwa. Vipande havitupwi. Kazi za waya mrefu huja kwanza, vilivyobaki vinafanya za mwisho.

Kosa linalorudi kila kundi ni kupeleka nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye swichi badala ya moto (waya unaouleta). Taa inawaka na kuzimika vizuri, mwanafunzi anaona amepatia. Hapo natoa balbu, nazima swichi, naweka mita kati ya holda na ethi (waya wa ardhini), wanasoma wenyewe: volti 230. Anayebadilisha balbu angepigwa na umeme akiamini kazima.

Bodi haipewi umeme kabla ya kupimwa. Balbu inatolewa, kisha kipima insulesheni cha volti 500, kinachoonyesha kama umeme unavuja kati ya nyaya, kinawekwa kati ya moto na nyutro, halafu kila mmoja na ethi. Swichi inayopokea moto inageuzwa na vipimo vinarudiwa, ili nyaya zote mbili zinazounganisha swichi zipimwe. Chini ya megaomu 1, fungueni tuanze upya. Balbu ya uzi ikisahaulika, kipimo kinashuka karibu na sifuri na kundi linahangaika na hitilafu isiyokuwepo. Ya LED inaweza kuharibika kabisa.

Umeme wenyewe unapita kwenye kikatio cha miliampea 30, kinachojizima umeme ukivuja, na ufunguo wa meni swichi unakaa mfukoni mwangu.