Siku moja maishani mwangu: zaburi za Kilatini na sean-nós (uimbaji wa jadi wa Ireland) kanisani Dublin

Saa 3 asubuhi. Leo kikundi chetu cha waimbaji kina tamasha, kwa hiyo hakuna kupaza sauti mapema. Kuvumisha midomo ikiwa imefungwa, dakika 15, na maji ya uvuguvugu.

Saa 4. Tunachagua sauti ya kuanzia. Zaburi zetu ni nyimbo za Kigregori, uimbaji wa kale wa kanisa Katoliki. Huandikwa kwenye mistari minne, na ufunguo wake, alama ya mwanzoni mwa mistari, hausemi wimbo uwe juu kiasi gani. Unaonyesha tu noti ya do au fa imekaa mstari upi. Waamuzi ni mwenye sauti nene kuliko wote na mwenye nyembamba kuliko wote.

Saa 6 mchana, kanisani. Piga kofi moja, hesabu mpaka mwangwi ufe: sekunde 4. Jioni watu na makoti yao watameza sehemu yake, kwa hiyo mwendo unaopendeza sasa utakuwa wa kukokota. Zaburi hukatwa kwenye kinyota, katikati ya mstari. Hapo wote hunyamaza na kuvuta pumzi pamoja. Kosa la kila siku ni mmoja kuingia kabla mwangwi haujatulia. Silabi moja ikibeba noti 20, kinyume chake: pumzi kwa zamu, na anayerudi aingie polepole.

Saa 8. Sean-nós, yaani "mtindo wa zamani" kwa Kiayalandi, ndiyo inayotutoa jasho. Mwimbaji ni mmoja, hana ala wala wa kumwongoza kwa mkono. Mtindo wa Connemara, magharibi mwa Ireland, umejaa nakshi, vinoti vya haraka vinavyoizunguka noti kuu; wa Donegal, kaskazini-magharibi, ni mnyoofu zaidi. Mwangwi uleule unaoibeba zaburi huvigeuza vinoti hivyo uji. Dawa si maikrofoni: ashuke altareni, asimame mita 2 kutoka benchi la kwanza. Na wenzake wasimvumie noti moja ndefu chini ya sauti yake, hata kama wageni wanapenda. Noti ya 3 ya skeli, yaani ngazi ya noti za wimbo, wakati mwingine si ya juu (meja) wala ya chini (maina), huelea katikati. Mvumo huifanya isikike kama kosa.

Saa 1 usiku. Noti ya la tunaichukua kwenye kiuma cha chuma cha kupimia sauti, sikioni. Zaburi tatu mfululizo zinaweza kushuka nusu toni. Haturekebishi katikati, tunangoja wimbo unaofuata. Wa sean-nós hapewi noti, huanzia panapomfaa. Maneno ya mwisho wakati mwingine huyasema tu bila kuyaimba, na watu hubaki kimya wakingoja ubeti mwingine. Siku hizi tunawadokeza mapema.