Siku moja maishani mwangu: siku ya kufungua maonyesho yangu ya michoro mtandaoni

Watu wengi huniuliza, ivi maonyesho ya mtandaoni unafanyaje, si unapakia tu picha alafu unatuma linki? Basi nimeamua kuandika siku nzima ya ufunguzi ilivyokwenda, michoro 18, mimi na mdogo wangu wa kike anayenisaidia kujibu meseji, hamna jumba la sanaa nyuma yetu wala meneja.

Saa 11 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu kwa sababu ya mchoro namba 7. Ni wa akriliki, sentimita 90 kwa 120, bahari imeujaza wote na maji yake ni feruzi iliyokolea, na usiku uliopita kila nikiuangalia kwenye simu nauona umepauka, umekuwa bluu ya kawaida kama ndoo ya plastiki. Mchoro wenyewe uko ukutani unawaka, picha yake imepoa. Sasa mtu atanunua nini? Mi msimamo wangu uko hapo, kwenye maonyesho ya mtandaoni picha ndo ukuta na ndo taa na ndo mlango, mgeni hana kingine cha kushika, kwa hiyo picha ikidanganya kidogo tu maonyesho yote yamedanganya.

Nikaushusha, nikaanza kuupiga upya. Taa mbili zinazofanana kabisa, kelvini 5000 zote (kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga, 5000 ni mweupe kama wa mchana), moja kushoto moja kulia, kila moja nyuzi 45 kutoka kwenye mchoro. Pazia nimefunga maana mwanga wa dirishani ukichanganyika na wa taa, upande mmoja unakuwa wa bluu mwingine wa njano na ukifika hapo hamna programu ya kukuokoa. Kamera kwenye stendi, lenzi inatazamana na katikati ya mchoro uso kwa uso, isiinamie juu wala chini la sivyo mchoro wa pembe nne unatoka kama ubao uliopinda, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga, nimeushusha picha isiwe na chenga), f/8 (tundu la lenzi la wastani, picha itoke kali kote), na taima ya sekunde 2 ili kidole changu kisitikise kamera. Mchoro una varnishi kwa hiyo nimefunga na kichujio cha polaraizi mbele ya lenzi kupunguza mng'ao. Picha ya kwanza naipiga na kadi ya rangi, yenye vipande vya rangi zinazojulikana vya kulinganishia, imeegeshwa pembeni, ya pili bila kadi, hii hatua watu wengi wanairuka na ndo hiyo hiyo inayokupa ukweli baadaye ukikaa kwenye kompyuta, macho yako yamechoka, unashindwa kukumbuka nyeupe ilikuwa nyeupe ya namna gani.

Saa 12 na nusu asubuhi

Kwenye kompyuta nikaelewa. Kamera ilikuwa imeibeba ile feruzi vizuri tu, inapotea pale ninapoihifadhi kwa ajili ya mtandao, kwa sababu picha nyingi za mtandaoni zinatumia mpangilio wa rangi unaoitwa sRGB, wa mwaka 1996, ulitengenezwa kwa kufuata skrini za zama zile, na feruzi kali ziko nje ya mipaka yake. Hazitoki, zinavutwa mpaka kwenye rangi ya karibu iliyopo. Na huwezi kukimbilia mpangilio mpana zaidi ukasema umemaliza, maana kuna simu na programu zisizouelewa, zitakuonyesha picha imefifia kuliko ile ya mwanzo.

Nilichofanya ni kupunguza kidogo sana nguvu ya rangi zinazozunguka maji ili feruzi ibaki ndo kali kuliko zote kama ilivyo kwenye mchoro, yaani uhusiano ubaki sahihi hata kama rangi yenyewe haifiki. Alafu nikaongeza picha ya karibu ya sehemu ndogo, uone brashi ilivyopita. Na chini yake nikaandika wazi kabisa: feruzi ya mchoro huu ina nguvu zaidi ukiuona ana kwa ana, skrini haiwezi kuifikisha yote. Mdogo wangu aliposoma akasema, "Sasa kaka si unawafukuza wanunuzi?" Nikamwambia hapana, mnunuzi akifungua boksi akakuta kizuri kuliko alichotegemea, huyo atarudi.

Kila picha upande mrefu pikseli 2000, uzito nusu megabaiti au chini ya hapo. Bando la mgeni nalo ni kiingilio, usimtoze sana.

Saa 3 asubuhi

Maelezo ya michoro. Jina, mwaka, vifaa, vipimo. Hapa kwenye vipimo ndo pana kazi, maana kwenye simu mchoro wa sentimita 20 na mchoro wa mita moja na nusu vinaonekana sawasawa, vyote vina upana wa kiganja. Ukiandika tu 20 kwa 25 mtu anasoma anapita. Kwenye maonyesho yangu ya kwanza kuna dada alinunua mchoro mdogo akidhani utajaza ukuta wa sebule, alipoupokea hakunigombeza, alisema tu kwa upole "nilidhani ni mkubwa", na ile sentensi inanisumbua mpaka leo. Tangu siku hiyo kila mchoro una picha ya pili, umetundikwa juu ya kiti kile kile kimoja, kiti hakibadiliki toka mchoro wa kwanza mpaka wa 18, mgeni akishakizoea anapima mwenyewe kwa macho. Na anayetaka kununua namwambia kata karatasi yoyote kwa vipimo hivi, ibandike ukutani kwako, kaa nayo siku mbili ndo unijibu.

Saa 5

Nimefungua ukurasa kwenye simu tatu tofauti, mojawapo ya zamani sana yenye kioo kilichopasuka, hiyo ndo hakimu wangu. Mwaka jana nilijaribu ule ukumbi wa 3D ambao mgeni anatembea kwenye vyumba vya kubuni, unapendeza jamani, ila wengi waliniambia simu inapata moto na ukurasa unagoma, na waliofanikiwa kuingia walikuwa bize kujifunza kutembea kuliko kutazama. Nimerudi kwenye ukurasa wa kawaida unaoshuka chini, mchoro mmoja, nafasi tupu, mchoro mwingine. Ile nafasi tupu naipigania sana. Kwenye ukumbi wa kweli mguu unakupumzisha kati ya mchoro na mchoro, huku kidole kinakimbia tu, usipoweka utupu michoro inapandiana.

Na idadi pia. Mara ya kwanza niliweka 42, nikaja kugundua maswali yote yanahusu michoro kumi ya juu, iliyobaki hakuna aliyeitaja hata mmoja. Sasa hivi 18 na mchoro ninaouamini kuliko yote nimeuweka wa 4, sio wa kwanza, maana wa kwanza mtu bado anazoea mwanga.

Saa 7 mchana

Maelezo ya maneno kwa wasioona. Kila picha mtandaoni ina sehemu ya kuandika maelezo ambayo simu ya mtu asiyeona inamsomea kwa sauti, na zamani nilikuwa naandika "mchoro wa bahari" naondoka. Leo nimetumia saa nzima na dakika arobaini. Namba 7 nimeandika: bahari imejaa mpaka ukingo wa juu, hakuna mbingu, maji ni ya feruzi kali yanayogeuka kijani kibichi upande wa kulia chini, mtumbwi mmoja mdogo mweusi umekaa karibu na ukingo wa kushoto kama unataka kutoka. Na wakati naandika ndo nikaona kwamba mtumbwi unataka kutoka, sikuwa nimewahi kulisema hilo hata kwangu mwenyewe.

Saa 9 alasiri

Meseji imeingia, mtu anataka michoro mitatu kwa mpigo, haulizi vipimo, haulizi rangi, anasema ni zawadi ya mke wake na atalipa zaidi ya bei, kile kinachozidi mimi nimtumie msafirishaji wake atakayekuja kuchukua mzigo. Mdogo wangu alishaanza kushangilia. Wasanii wenzangu naomba mshike hii: hayo malipo yanayozidi yanakuja kwa hundi feki au kadi ya wizi, benki inakuja kuyafuta baada ya siku kadhaa, na wewe pesa halali uliyomtumia huyo "msafirishaji" imeshaondoka. Nilimjibu kwa heshima kwamba napokea kiasi kamili tu na msafirishaji namtafuta mwenyewe, hakujibu tena. Nimekaa dakika kadhaa na hasira, maana wanajua msanii wa kujitegemea siku ya ufunguzi moyo wake uko wapi.

Saa 11 jioni

Mazoezi ya laivu, yaani matangazo ya moja kwa moja ya ufunguzi. Simu kwenye chaji, laini ya pili ya intaneti iko tayari kwenye simu ya mdogo wangu, na video ya dakika 12 niliyorekodi juzi nikipita mchoro mmoja mmoja iko pembeni endapo mtandao utakatika. Tangazo nimelihakikisha tena limeandikwa 19:00 na saa ya UTC pembeni, ile saa ya pamoja ya dunia ambayo kila nchi hulinganishia yake. Maonyesho yaliyopita niliandika "saa 1 usiku" bila kufikiria, na mgeni mmoja wa nchi nyingine anayejifunza Kiswahili akaisoma kwa saa ya kizungu, akakesha mpaka saa saba za usiku kunisubiri akakuta kimya. Alinitumia meseji kuuliza kama amekosea mlango.

Saa 1 jioni

Tumefungua. Watu 9, alafu 23, alafu sikuangalia tena, maana ukiangalia namba unaacha kuwaangalia watu. Naanza kwa kuwasalimia kwa majina wanavyoingia kama mwenye nyumba yoyote, wengine wanaandika tu "nipo" inatosha. Kuna mzee mmoja akauliza, "Mwanangu, kwa nini usingoje ukumbi mkubwa wakuite?" Shikamoo nikampa kwanza, alafu nikamsimulia habari ya Gustave Courbet, Paris mwaka 1855, waamuzi wa maonyesho makubwa ya dunia walikataa baadhi ya michoro yake mikubwa, akajenga banda lake mwenyewe jirani na maonyesho hayo hayo akatundika michoro yake kama 40 humo. Watu hawakumiminika kama alivyotarajia lakini michoro ilionekana. Nikamwambia mzee, linki hii ndo banda langu. Akaandika "marahaba, endelea".

Mwingine akauliza akinunua mchoro anaweza kuuchapisha kwenye fulana auze. Hapana, katika nchi nyingi unaponunua mchoro unanunua kile kitu chenyewe, haki ya kunakili inabaki kwa msanii mpaka mkubaliane kwa maandishi, na kwenye cheti cha uhalisia ninachokituma pamoja na mchoro hilo limeandikwa.

Saa 2 na dakika 10 mtandao ukakata. Mdogo wangu akawarushia ile video kwa laini yake na akaandika "kaka anarudi, endeleeni kutazama", mimi nikahamia huko huko, dakika 4 zimepotea. Wengi walibaki.

Alafu ikaja meseji ya mama mmoja kwenye inboksi, namnukuu kwa ruhusa yake: yeye haoni tangu utotoni, simu imemsomea michoro yote 18, anataka kujua ule mtumbwi una mtu ndani au hauna. Nilishindwa kujibu kwa sekunde kadhaa. Hauna mtu, mama. Akaandika, "Nilijua, ungekuwa na mtu usingekaa pembeni."

Saa 4 usiku

Dada mmoja anautaka namba 7, ameshakata na karatasi ameibandika ukutani, ila anasema "mbona naona maji ni ya kijani? Umeandika feruzi." Moyo ukanipasuka, nikawaza kazi yote ya alfajiri imekwenda bure. Nikafungua simu yangu, feruzi. Ya mdogo wangu, kijani. Tukaziweka pamoja tukatazamana. Kumbe simu yake inajiwasha yenyewe ile hali ya usiku inayopunguza mwanga wa bluu jua likizama, ambayo inaondoa bluu, na feruzi ukiitoa bluu inabaki kijani. Na mimi maonyesho nimeyafungua usiku, yaani sijui ni wangapi leo wametazama bahari yangu kupitia njano. Nikamwomba dada aizime. Kimya. Alafu: "Oooh. Hii sasa ni nyingine kabisa."

Nikaenda moja kwa moja juu ya ukurasa nikaongeza mstari, zima hali ya usiku kwenye simu yako kabla ya kushuka chini. Kuanzia leo huo ndo mstari wa kwanza wa kila maonyesho yangu.

Hakununua bado. Ameomba nimrekodie video mchoro ukiwa kwenye mwanga wa asubuhi, bila taa yoyote, nikiwa nautembeza taratibu, kwa sababu ukuta wake unatazama jua linapochomoza. Nimefurahi kuliko kama angelipa palepale.

Saa 6 usiku

Michoro miwili imeshalipiwa, mmoja umeshikiliwa mpaka Ijumaa. Mdogo wangu amelala kwenye kochi simu ikiwa mkononi. Nimeubeba namba 7 nikauegesha karibu na dirisha, pazia nimeliacha wazi, alamu nimeiweka saa 12 kasorobo.