Donkasu ya Sangara, Kirumba

Kirumba, karibu na barabara ya kwenda Mwaloni, kuna mgahawa wa meza chache ambao mwenye nao, dada aliyewahi kuishi Korea Kusini, hupika donkasu: mnofu mwembamba na mpana uliopakwa unga wa ngano, yai na chenga za mkate, kisha ukakaangwa katika mafuta mengi. Nimeonja vyakula vingi vya kigeni vilivyoletwa Mwanza kwa mbwembwe, na sijaona kinachoufaa mji wetu kama hiki.

Chakula chenyewe kimepita mikono mingi. Wajapani walikitoa kwenye kotleti ya Ulaya, na mgahawa wa Rengatei wa Ginza, Tokyo, hutajwa kuwa ndio ulioanza kuuza ile ya nguruwe mwaka 1899. Korea, iliyotawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, ilikipokea na kukigeuza kwa namna yake. Mjapani hukaanga kipande kinene, hukikata kabla ya kukileta mezani, na mlaji hutumia vijiti. Katika migahawa ya Kikorea ya mtindo wa Kizungu, iliyovuma miaka ya 1970 na 1980, nyama hupondwa mpaka ikakaribia kujaa sahani, humwagiwa mchuzi mzito wa kahawia, na mlaji hupewa kisu na uma. Kwanza huletwa supu nyeupe, na mhudumu humuuliza mteja atakula na nini.

“Kaka, wali au mkate?” ndivyo unavyoulizwa Kirumba pia, huku supu ya siagi, unga na maziwa, iliyonyunyiziwa pilipili manga, ikiwa tayari mbele yako. Wali ndio chaguo sahihi, kwa kuwa mchuzi ule unahitaji kitu cha kuunywa.

Korea donkasu ya kawaida ni ya nguruwe, ingawa ya samaki nayo ipo. Dada huyu angeweza kupika kitimoto na asikose wateja, lakini amechagua sangara, nami namuunga mkono kwa moyo wote. Kwanza, Waislamu na Wasabato, ambao ni wengi hapa kwetu, wanakaa meza moja na wengine bila mtu kuuliza kilichomo sahanini. Pili, sangara anaipokea kazi hii vizuri: nyama yake ni nyeupe, nene na haina miba midogo ya kumsumbua mlaji, tofauti na sato. Haupondi, kwa maana nyama ya samaki ingesambaratika; anaulaza mnofu wa mgongoni ubaoni, anapitisha kisu chembamba katikati bila kufika mwisho, kisha anaufungua kama kitabu. Sehemu ya tumboni haitumii, kwa sababu ina mafuta mengi na ganda lake halikauki. Chenga anazisaga mwenyewe kutoka mkate wa jana, nazo ni kubwa kiasi cha kusikika chini ya kisu.

Mchuzi anaupika kwa vitunguu, nyanya, nanasi, sosi ya soya na siki. Kwa maoni yangu nanasi limezidi kidogo, na ningependa aumwage katikati tu ili kingo zibaki kavu, kwani ganda la samaki hulainika upesi kuliko la nguruwe. Pembeni huwekwa kabichi iliyokatwa nyembamba sana yenye mayonesi na tomato sosi, pamoja na matango ya siki yanayoshika nafasi ya figili ya njano ya Wakorea.

Lililonigusa zaidi ni mnofu wenyewe. Kwa miaka mingi minofu ya sangara imepakiwa viwandani hapa na kusafirishwa Ulaya, na familia nyingi za Mwanza zimemjua samaki huyu kwa mapanki, yaani kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuondolewa. Kuona fundi wa karakana na mama muuza dagaa wakikata mnofu mzima kwa kisu na uma, mita chache kutoka ziwani alikovuliwa, kunanifurahisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Anayetaka kwenda afike kabla ya saa saba mchana, kwa sababu samaki wa siku hiyo akiisha, dada hafungui friji kutafuta mwingine.