Tunguu, Fuoni au Bububu: mtaa niliouchagua kwa miguu ya mtoto

Dalali wa Unguja hajui mbali. Ukimuuliza nyumba iko wapi, iwe Fuoni, iwe Tunguu, iwe kule Dunga, jibu lake ni moja: "Hapa hapa tu mama, dakika kumi ushafika Mjini, Darajani." Labda saa nane za usiku, barabarani paka peke yao. Nimezunguka na madalali tangu Idi ilipomalizika, na mashoga zangu wanaotaka nao kuhama Mjini wananiuliza kwa nini nimeishia Bububu, wakati kodi ile ile ingenipa nyumba yenye uwanja Tunguu.

Nianze na kinachotuhamisha. Tunakodi ghorofa ya pili Mkunazini, nyumba ya mawe na chokaa, vyumba vyembamba kama ilivyo kawaida ya Mji Mkongwe, maana upana wa chumba unaamuliwa na urefu wa boriti. Boriti za mikoko ni ngumu, zinadumu, ila kile kichwa kilichoingia ukutani ndicho kinachooza mwanzo. Choo cha juu yetu kinavuja. Miaka ya nyuma mtu aliupiga ukuta plasta ya saruji badala ya chokaa, basi maji yakishaingia hayana pa kutokea, yanakaa mle mle yanaila boriti. Asubuhi nikikunja chandarua nakung'uta unga wa mti na vipande vya chokaa. Mwenye nyumba? Nyumba ya urithi hiyo. Warithi wako Muscat, Dar es Salaam na wengine sijui wapi, na kila mmoja anaijua tarehe ya kodi. Mfuko wa chokaa hakuna anayeujua.

Mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bi Mkubwa, alikuwa hataki kusikia habari za kuhama. Ila tangu tarehe 25 Disemba 2020, lilipoanguka upande mmoja wa Beit al Ajaib na watu wawili wakafa, halali mpaka aitazame dari. Lile ni jumba la Sultan Barghash, limejengwa 1883, na siku hiyo lilikuwa kwenye matengenezo. "Lile lina mafundi limeanguka, letu lina nani?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Tena watoto wamekwisha uchochoroni. Nyumba ya kushoto ni ya wageni, ya mbele ya wageni, na ile ya pembeni yenye duka la vinyago ilikuwa na familia mbili. Mwanangu wa kiume anacheza mpira na ukuta.

Sasa kuchagua. Wengi wetu tunapima umbali wa kwenda kazini, na dalali naye anapima huo huo. Mtoto wa Kizanzibari lakini ana skuli na ana chuo cha Kurani. Asubuhi skuli, adhuhuri nyumbani, alasiri chuoni, magharibi arudi. Mimi naondoka mara moja na kurudi mara moja. Yeye yuko njiani kutwa. Halafu kuna habari ya mikondo. Skuli zetu nyingi zimezoea kusomesha kwa mikondo miwili, asubuhi na mchana, na skuli za ghorofa zinazojengwa miaka hii zimekusudiwa kuuondoa huo wa mchana. Kwengine umeondoka, kwengine bado. Mtoto akiangukia mkondo wa mchana anatoka jua linataka kuzama, na chuo itabidi kihamie asubuhi, na wewe asubuhi uko kazini. Kwa hiyo kila mtaa niliokwenda nilisimama kwanza getini mwa skuli, nikawauliza akina mama wanaosubiri watoto. Wao ndio wanaojua darasa la kwanza linaingia saa ngapi na darasa moja lina watoto wangapi.

Fuoni anakaa wifi yangu, na moyo wangu ulikuwa huko. Soko la Mwanakwerekwe liko karibu, gari hazikatiki. Nikaenda kwa makusudi siku ya mvua ya masika. Wifi alinipokea mlangoni na ndara mkononi, uani maji yamefika kifundoni. Nyumba zimejengwa palipokuwa njia ya maji, na maji yakija yanaifuata njia yao. Kilichonitisha zaidi ni kisima cha jirani: kutoka hapo hadi kwenye karo, shimo la choo, ni hatua unazoweza kuruka ukiwa na kanga. Na karo likijaa, gari la kunyonya halipiti, kichochoro hakina upana. Wifi mwenyewe alinambia, "Njoo, tutazoeana nayo." Nampenda, lakini hapana.

Tunguu upepo upo, nafasi ipo, Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA, kiko pale, na anayefanya kazi SUZA asinisikilize, aende. Mume wangu kazi yake ni bandarini Malindi, zamu nyengine inaanza alfajiri, na usafiri wake ni vespa ambayo umri wake sitautaja. Na nyumba wanazotupeleka madalali siku hizi ziko ndani kweli kweli, skuli unaiona ukifika barabarani. Kuhusu Fumba na ile miji mipya: nzuri, imepangwa, na bei yake inasemwa kwa dola. Tuendelee.

Watu wanasema Bububu imechakaa. Kweli, mabati mengi yamekula kutu kwa hewa ya bahari, na nyumba tuliyoipata ina milango iliyovimba. Ila mitaa yake ilishajaa zamani, hakuna atakayenijengea ukuta dirishani mwakani. Msikiti wa karibu ulikuwa unapakwa rangi, na fundi alikuwa kijana wa hapo hapo. Mimi kuchakaa naogopa kule ambako vijana wakioa wanahama, na pale nimewakuta waliooa wakijenga chumba cha uani kwa wazee wao.

Usafiri ni daladala za 502, zinapishana mpaka usiku. Na si jambo jipya: mwaka 1905 kulikuwa na gari moshi kutoka Mjini mpaka Bububu, maili 7, likabeba abiria mpaka miaka ya 1920. Ukikwama kwenye foleni ya Mtoni utawaza laiti reli hiyo ingekuwepo. Kichekesho chengine ni maji. Barghash aliyavuta maji ya Mjini kutoka chemchem za huko huko Bububu, nasi tutakaa jirani na chemchem tukiamka usiku kuvizia mfereji. Tangi tumeshanunua.

Siku ya kuamua nilimchukua mwanangu, tukaondoka mlangoni saa moja kasorobo, tukaenda skuli kisha chuoni kwa miguu. Zote ziko upande mmoja wa barabara kuu. Havuki, na hilo lilinitosha. Yeye alichokishika ni kwamba njiani kuna nyumba mbili zinauza ubuyu.

Kodi ya miezi sita tumelipa, na dalali kala chake. Barua kutoka kwa sheha wetu, kiongozi wa mtaa, kwenda kwa sheha wa kule bado, kila nikienda ameitwa kikaoni. Bi Mkubwa amekubali kwa masharti: chumba cha chini, na kila Ijumaa arudi Mkunazini kwa mashoga zake. Juzi alimsimamisha konda wa 502 pale Darajani akamuuliza kama kiti cha mbele kinaweza kuwekwa kwa mwezi mzima. Konda amemwambia aje na bakhshishi tu, watayajenga.