Siku 56: jinsi ya kupanda ngazi za kadeti wa Civil Air Patrol

Mtoto akijiunga na Civil Air Patrol, shirika la kujitolea linalolisaidia Jeshi la Anga la Marekani, mwambie mapema kwamba kitu kitakachomkwamisha zaidi ni kalenda. Mitihani inasomeka. Tarehe zikishapita, zimepita.

Mpango wa kadeti una hatua 16 zilizogawanywa katika awamu 4. Kila awamu hufungwa na tuzo kubwa: Wright Brothers, Billy Mitchell, Amelia Earhart, Ira Eaker. Juu ya zote ipo tuzo ya Carl Spaatz, ambayo humpa kadeti cheo cha kanali. Kuingia ni kuanzia miaka 12 hadi kabla ya kutimiza 19, na anayeingia awe raia au mkaazi halali wa kudumu.

Kati ya hatua na hatua lazima zipite siku zisizopungua 56, yaani wiki 8. Kutoka hatua ya kwanza hadi Mitchell kuna vipindi 9 vya aina hiyo, sawa na siku 504. Hicho ndicho kima cha chini, kwa asiyechelewa hata mara moja. Kosa linaloonekana sana ni kungoja siku ya 56 ndipo kadeti afungue kitabu. Siku hiyo ni ya kupandishwa. Mtihani wa uongozi, moduli ya anga na gwaride vifanyike ndani ya wiki 5 za mwanzo, ili zibaki wiki 3 za kurudia kilichoshindikana.

Majadiliano ya maadili ndiyo yanayosahaulika zaidi, kwa sababu hayana mtihani. Kinachotakiwa ni kuhudhuria, lakini vikosi vingi huyafanya mara moja tu kwa mwezi. Ukikosa mawili mfululizo, wiki 8 zinatimia huku kila kitu kingine kiko tayari na wewe huwezi kusogea.

Kipimo cha viungo nacho hudumu siku 180, kisha kinakufa. Katika Awamu ya 1 inatosha kushiriki. Kuanzia Awamu ya 2 kadeti afikie kiwango cha umri wake: mbio (maili moja, au zile za kwenda na kurudi kwa kufuata mlio), pamoja na mawili kati ya matatu: pushapu, kunyanyua kiwiliwili akiwa amelala chali, na kukaa akinyoosha mikono kuelekea vidole vya miguu. Mbio za mlio huwashinda wengi kwa sababu wanaanza kwa kasi mno. Mwanzoni mlio uko polepole, nawe nenda nao hivyo hivyo. Apime kila baada ya miezi minne au mitano, asisubiri tarehe iishe.

Gwaride lifanywe nyumbani dakika 10 kila siku, mbele ya kioo. Kwa mgeni, kinachoharibika ni "nyuma geuka": kisigino kinainuka, mwili unayumba, mikono inaachia mapaja. Arudie polepole mpaka mizani ikae.

Wright Brothers ndipo kitabu kinapofungwa kweli: mtihani unajumlisha masomo yote ya uongozi ya awamu, na haufanywi kwa kuangalia majibu. Aliyepita hatua za nyuma kwa kutafuta jibu ukurasani anaumbuka hapa. Akifaulu anakuwa sajini taji.

Mitchell inadai zaidi. Hatua ya 8 ina insha ya maneno 300 hadi 500 na hotuba ya dakika 3 hadi 5, halafu inakuja mitihani miwili mikubwa, ya uongozi na ya anga. Na bila kambi ya mafunzo, ile inayoitwa encampment, tuzo haitolewi hata ukipata alama zote. Kambi hizo hazifanyiki kila mwezi. Asiyejiandikisha anaweza kusubiri hadi mwaka unaofuata. Nashauri aende kambini mara tu anaporuhusiwa, akiwa bado Awamu ya 1. Mwenye Mitchell anakuwa luteni usu wa kadeti, na akijiunga baadaye na Jeshi la Anga kama askari wa kawaida anaweza kuanzia daraja la E-3, yaani la tatu kutoka chini.

Siku 56 zikitimia, cheo hakiji chenyewe. Kamanda ndiye anayeidhinisha, na ana haki ya kumrudisha kadeti ambaye mwenendo wake haujafikia cheo kinachofuata. Kwa hiyo wiki moja kabla, kadeti amwendee na orodha yake: mtihani, moduli, maadili, viungo, gwaride, kila kimoja na tarehe yake.