Nundu ya kidole kikubwa, kumbe uchungu wangu ulitokea fasi ingine

Naandika hii ju nimechoka na mashauri ya batu. Kila mutu akiona ile nundu kando ya kidole changu kikubwa cha mguu anasema ni gutu (ule ugonjwa wa viungo, goutte), acha nyama. Gutu inashikaka ghafla, kidole kinawaka moto hata shuka ikikigusa unalia. Yangu ilikuja polepole miaka mingi, kidole kikaendelea kulalia benzake, na mama yangu iko nayo vilevile.

Tena nundu yenyewe haikuwa inaniuma sana. Kilichokuwa kinanimaliza ni chini, pale kidole cha pili kinaanzia, kulitoka sugu ngumu, na kukanyaga mawe ya volkano toka Majengo mpaka soko Virunga, hapa Goma, ilikuwa mateso. Nikakatiwa ile sugu na wembe, ikarudi vilevile (wenye diabete musijaribu kabisa!).

Kinezi mumoja (ule wa hospitali anayefanyishaka batu mazoezi ya viungo) njo alinifungua macho. Ukitembea uzito unashukia ku kisigino, unapita mbele, na mwisho kidole kikubwa njo kinasukuma chini. Kikilala kando hakisukume tena muzuri, kazi yake inabebwa na mifupa ya kidole cha pili na cha tatu, na ngozi ya pale inajikaza. Nikataka nijionee mwenyewe: nikasaga makala laini, nikachanganya na mafuta kidogo, nikapaka chini ya mguu, nikatembea juu ya karatasi nyeupe. Fasi ya kidole cha pili ikatoka nyeusi tii, kidole kikubwa kikaacha kamustari ka upande tu!

Sasa fundi mumoja wa viatu Birere alinibandikia sponji palepale panauma. Nilirudi nyumbani nachechemea, ju kama fasi imebeba mingi na wewe unaiinua tena, unaiongezea. Nikaing'oa. Nikapaka makala ku sugu tu, nikavaa kiatu, nikapiga hatua kidogo, alama ikabaki ndani. Nikakata kipande cha kambambili ya zamani, nikapunguza kingo na wembe, nikabandika nyuma ya ile alama, upande wa kisigino. Pale kinabeba uzito mbele haujafika ku sugu. Bei yake ni gundi tu, franka kidogo.

Vile visilikoni vya kuweka katikati ya vidole vinazuia kusuguana, lakini kwa mutu muzima havinyooshe mufupa, hiyo ni kazi ya opereshoni. Na viatu virefu niligawia wadogo wangu wote, kisigino kikipanda uzito mingi unakimbilia mbele. Ya sasa natafuta mbele pana, kidole kisibanwe.

Sugu imelainika, naenda soko na kurudi na mizigo. Kile kipande kikilala nakata kingine.